Mikeka ya Arusi Iliyokwenda Kilioni

Mjinga wa siku ile alikuwa Raphaël. Hakuna haja ya kutafuta mashahidi. Yeye mwenyewe hukubali kabla hujamaliza swali, mjukuu akiwa amemlalia begani, na kama ameshiba huongeza hata mambo ambayo hukuuliza. Kitu kimoja tu anakikataa: kwamba alikuwa mjinga mvivu. Alifikiri, anasema. Alifikiri sana. Na ni kweli. Ujinga wa mtu asiyefikiri huwa mdogo, unaishia palepale ulipoanzia. Ujinga wa mtu aliyesimama akafikiri, huo ndio unaotafuna nyumba.

Asubuhi ile mama yake Atumani, jirani wa ua kwa ua, alikuwa amekata roho. Sauti ya kilio ilipanda kabla umande haujakauka, na wanawake wa mtaa wakajifunga vitenge viunoni wakaenda. Mtaani kwao Kasongo kilio hakiulizi dini: Mwislamu akifa, Mkristo anachota maji, Mkristo akifa, Mwislamu anapasua kuni. Mambo ya vyombo yalikuwa mikononi mwa Mama Anastasie, mjane mwenye sauti ya kengele ya parokia, aliyepita nyumba kwa nyumba akikusanya masufuria, viti na mikeka. Mama huyo hajawahi kusikia neno “hapana” akalielewa.

“Papa Dieudonnée, toa mikeka. Wamama wako nakaa kwa udongo.”

“Mama Régina hayuko,” Raphaël alijibu akiwa mlangoni, akimtaja mkewe. “Iko kwa materinite na mutoto.”

“Mikeka nayo iko nazala?”

Raphaël akaingia ndani. Chini kulikuwa na mikeka miwili ya zamani, ambayo panya walikuwa wameionja pembeni. Juu, kwenye miti ya paa, kulikuwa na mikeka sita mipya, imefungwa katika kitenge kama maiti ya tajiri.

Mikeka hiyo ilikuwa komande, yaani kazi iliyoagizwa na Mama Soraya, muuza vitenge wa soko kubwa, aliyekuwa anamwoza binti yake Soraya kwa ukoo mmoja wa Nyangwe. Hakutaka mikeka ya plastiki. Alitaka ukindu wenye rangi nyekundu na nyeusi, binti aende nao kwa mumewe, wakwe wajue kwamba bibi arusi hakuokotwa njiani. Régina alikuwa ameukata ukindu bondeni, akauchana, akauanika, akaupika: mwekundu kwa unga wa mti wa nkula, mweusi kwa tope la kijito. Akasuka, akashona, akasuka tena, mpaka ncha za vidole zikawa hazijui tena moto na baridi. Bei waliyopatana ilikuwa nzuri, na ilikuwa na kazi moja tu duniani.

Kazi yenyewe ilikuwa Dieudonnée. Binti yao huyo alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa. Mama mzima, mtoto mzima, Mungu asifiwe, na fakitire, ile karatasi ya deni, nayo nzima kabisa. Materinite ile, hospitali ya wazazi, ilikuwa na sheria ambayo haikubandikwa ukutani lakini kila mama wa mtaa aliijua: asiyelipa haondoki. Mume wake, Héritier, alikuwa anachimba dhahabu Salamabila, na simu yake ilijibiwa kila mara na yule mwanamke wa mtandao anayesema Kifaransa kizuri. Kwa hiyo mikeka sita ilikuwa ufunguo, na ufunguo ulikuwa unaning’inia darini, na chini yake alisimama Raphaël, akifikiri.

Alikuwa amesikia jambo radioni. Mtaalamu mmoja alikuwa ameeleza namna mtu anavyoweza kupata faida kwa kazi ya mikono yake: vikapu, mikeka, sabuni, vyungu. Tengeneza kitu kizuri, alisema mtaalamu, kisha kionyeshe. Mteja hanunui asichokiona. Raphaël alikuwa ameitazama radio akaijibu: “Kweli kabisa.” Sasa akajiuliza ni wapi wanawake wote wa mtaa, pamoja na wa mitaa ya jirani, watakapokaa pamoja mchana kutwa bila kitu cha kutazama. Sokoni watu wanapita. Kanisani wanafumba macho. Kilioni wanakaa.

Akapanda juu ya kiti, akafungua kitenge.

“Hii ni ya mupya!” Mama Anastasie alipapasa ukindu kwa kiganja. “Haiko komande ya mutu?”

“Ni mikono ya Mama Régina,” alisema Raphaël, akiruka swali kama mtu anayeruka dimbwi. “Waambie wamama: anayetaka, nyumba anaijua.”

“Papa Dieudonnée, huku ni kilio, haiko soko.”

“Najua. Lakini waambie.”

*

Pale materinite, waliolipa walilala vitandani. Wasiolipa walikuwa na chumba chao upande wa nyuma, bohari ya zamani ya magunia, yenye dirisha moja na sakafu ya simenti. Wanawake watano na vichanga vyao walilala humo, kila mmoja juu ya kitenge alichokunja mara nne. Siku ya kwanza Régina alikuwa amemletea binti yake mkeka. Nathanaël, karani wa malipo, aliurudisha getini. “Tukiwazoeza raha, mama, hamutalipa,” alisema, bila ukali wowote, kama mtu anayeeleza namna ya kupika maharage. Kwa hiyo mwanamke anayelaza nusu ya Kasongo juu ya ukindu alimtazama mtoto wake akigeuka juu ya simenti, mkono umeshika pale waliposhona.

Siku hiyo ya kilio Régina alikuwa amepeleka bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Aliketi chini, miguu ameinyoosha, akamshika mjukuu ili Dieudonnée ale kwa mikono miwili. Mtoto hakuwa na jina bado. Jina hutajwa nyumbani, watu wakiwa wamekusanyika, na nyumbani alikuwa hajafika. Watu wa materinite hawakungoja.

“Mama Fakitire, habari ya leo?” Nathanaël alisimama mlangoni, kalamu sikioni.

“Mutoto wangu haitwi vile,” alisema Dieudonnée.

“Mwenye kutoka ndiye anakuwa na jina. Huyu angali ndani.”

Régina akamshusha mjukuu mapajani, akavuta sauti yake ya adabu, ile anayoitunza kwa ajili ya watu wenye funguo. “Papa Nathanaël, komande yangu nitaipeleka hii juma, arusi ikiwa bado. Nitalipa yote. Lakini mutoto huyu kidonda haijapona. Kama ningekuletea nusu leo, ukamuachilia akalale nyumbani?”

“Nusu?” Nathanaël akatazama wanawake wengine, kwa sababu neno zuri halisemwi bila watu. “Sasa miye nikupe nusu ya mutoto?”

Bohari nzima ikacheka. Dieudonnée mwenyewe akacheka, kisha akakunja uso na kushika tumbo, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine.

“Ni hivi, mama,” Nathanaël aliongeza, sasa kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko mzaha. “Kama siku ya arusi inapita bila feza, ataanza kazi na hawa wengine. Kufagia uwanja, kufua mashuka. Si miye. Ni sheria.”

Akaondoka. Mmoja wa wale watano aliangalia viganja vyake, vilivyochubuliwa na sabuni ya mashuka, akavificha chini ya kitenge.

Hapo ndipo akaingia mama mmoja mnene, mwenye furaha, akiwa na bakuli la uji kwa ajili ya mdogo wake. Alipomwona Régina akaweka bakuli chini apate kupiga makofi.

“Mama Régina! Natoka kwa kilio cha mama Atumani. Merci mingi, mama! Umetuheshimu. Ile mikeka myekundu na myeusi! Tumekaa kama wake wa sultani. Kila mutu anauliza, nani alisuka, nani alisuka?”

“Mikeka gani?” aliuliza Régina.

“Ile sita! Papa Raphaël mwenyewe alisema anayetaka, nyumba anaijua. Kilio kilikuwa kizito, mama, lakini makalio yetu yalikuwa arusini.”

Dieudonnée aliacha kutafuna. Alikuwa amekulia katika ukindu; hakuhitaji kuelezwa. Mkeka uliokaliwa kilioni huoshwa, hurudi nyumbani, mwenyewe huulalia, na hakuna ubaya wowote. Lakini haupelekewi bibi arusi. Chozi halitoki kwenye ukindu, ndivyo wazee walivyosema, na atakayelala juu yake usiku wa kwanza ataanza ndoa kwa kulia. Raphaël aliijua desturi hiyo kama alivyolijua jina lake. Siku ile, radio ilikuwa imekaa juu yake.

“Mama,” Dieudonnée alisema polepole, “ni ya Mama Soraya?”

“Kula,” alisema Régina. “Sombe itapoa.”

*

Mikeka ilirudi siku ya kuondoa matanga, imesuguliwa kwa sabuni na kukunjwa vizuri, kama inavyotakiwa. Raphaël aliipokea mwenyewe, akaipanga ukutani. Régina alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Alikuwa hajasema naye tangu aliporudi kutoka materinite, na kwa Raphaël, mtu anayeishi kwa maneno, hiyo ilikuwa njaa ya pili.

“Mutu mumoja ameomba,” alijaribu. “Mukubwa, wa kulala watu wanne.”

“Analipa lini?”

“Anasema akivuna mupunga.”

Ungo ukaendelea. Shwa, shwa, shwa.

“Na mwingine ameuliza bei. Ile ni mwanzo. Kwa biashara, mutu anaanza kuuliza bei, halafu…”

“Raphaël.”

Régina alipomwita mumewe kwa jina lake badala ya “Baba Dieudonnée”, hata kuku walitoka mlangoni.

“Ulipeleka mikeka ya arusi kwa kilio.”

“Nilifikiri…”

“Nani alikutuma ufikiri?”

Raphaël akaketi kwenye kile kiti alichokuwa amekipanda. Alitaka kusema habari ya radio, lakini ilikuwa pale mezani inamtazama, na hata yeye akaona haya kumsingizia mgeni. Akasema badala yake lile ambalo kila mwanaume aliyevunja kitu husema mwishoni: “Lakini imeoshwa. Kilio hakionekani kwa macho. Mama Soraya atajua namna gani?”

“Na miye? Miye sijui?”

“Weye unajua,” Raphaël alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakukuwa na mchezo katika sauti yake, “na unajua pia pale mutoto wako analala.”

Régina akatua ungo. Kuanza mikeka mingine sita hakukuwezekana. Ukindu wenyewe tu unataka jua la siku nyingi kabla haujakubali kusukwa, na mvua zilikuwa zimerudi. Ndugu wa Lusangi walikuwa wamekwisha kuombwa, na walikuwa wametoa walichokuwa nacho, yaani maombi. Akaitazama mikeka ukutani.

“Kesho peleka sokoni,” alisema. “Pengine iko mutu mwenye hana arusi.”

Kwa hiyo kesho yake Raphaël akaenda sokoni, mikeka sita kichwani, akaitandika kando ya muuza plastiki. Lilikuwa kosa lingine, ingawa dogo. Mikeka ya plastiki ilikuwa na tausi, na waridi, na msikiti wenye minara ya dhahabu, na mtoto angeikojolea ukaimwagia maji yakaisha maneno. Watu walimwinamia Raphaël, wakagusa ukindu, wakasifu, wakahamia kwa tausi.

“Papa, hii ni ya kuanikia mupunga?” aliuliza kijana mmoja mwenye miwani ya jua.

“Ni ya kulalia. Mikono ya fundi.”

“Kwa bei hii nalala na fundi mwenyewe?”

Raphaël alicheka naye, kwa sababu anayeuza hana ruhusa ya kukasirika. Kisha wakapita wanawake watatu. Mmoja akasimama, akaelekeza kidole. “Hee! Haiko ile ya kilio cha mama Atumani?” Akasema kwa nia njema kabisa, tena kwa sauti. “Wamama, mumeona? Ile tulikalia!” Wauza samaki wa pembeni wakageuka. Mtu mmoja aliyekuwa ameanza kutoa noti mfukoni, na alikuwa mtu wa kwanza wa siku ile, akairudisha noti taratibu, akaipigapiga mfukoni kana kwamba anaibembeleza ilale.

Mtaalamu wa radio alisema kweli: kitu kikionekana, kinajulikana. Hakusema tu kinajulikana kwa nini.

Raphaël alirudi na mikeka yote sita. Régina alimwona kutoka mbali, akahesabu kwa macho.

“Tutapeleka kwa Mama Soraya,” alisema jioni ile, akiifuta moja moja kwa kitambaa chenye maji ya ndimu. “Miye sitasema uongo. Lakini sitaanza kusema.”

“Ni kitu kimoja.”

“Haiko kitu kimoja,” alisema Régina. “Ni kitu kidogo nilichobaki nacho. Usinipokonye.”

*

Walifika kwa Mama Soraya siku moja kabla ya arusi, na waliingizwa kwa mlango wa jikoni. Uwanja ulikuwa umejaa wanawake wakimenya vitunguu, wakichambua mchele, wakipaliana mkaa na maneno. Hakuna aliyewapa kiti. Raphaël akasimama na mzigo kichwani kama nguzo, jasho likimtiririka nyuma ya masikio, mpaka Mama Soraya alipomaliza kumkaripia mtu aliyekata nyama vipande vikubwa.

Pembeni yake, kwenye kiti pekee chenye mto, aliketi Shangazi Mwavita, dada ya baba wa bwana arusi. Alikuwa ametoka Nyangwe jana yake kuja kuona kitakachofuatana na bibi arusi, na tangu afike alikuwa ameona kila kitu na hajasifu hata kimoja.

“Mikeka imefika,” Mama Soraya alitangaza, kwa sauti ya mtu aliyekuwa anaingojea mbele ya wageni. “Tandika, papa. Shangazi aone.”

Raphaël akatandika. Rangi nyekundu na nyeusi zikafunguka juu ya udongo uliofagiwa, na mwanamke mmoja akaanza kupiga kigelegele. Shangazi Mwavita aliinama, akapindua pembe ya mkeka, akakagua upande wa chini, pale ambapo fundi mvivu hujificha. Kisha akasema: “Mikono hii inajua kazi.”

Mama Soraya alikuwa kama aliyevishwa taji. Mkono wake ukashuka kwenye pindo la kitenge, pale alipofunga pesa, akaanza kulifungua fundo. Régina alitazama vidole vile. Fundo la kwanza lilifunguka. Akamwona akilini Dieudonnée akitoka getini, mtoto kifuani. Kisha vidole vikasimama.

Mama Soraya akachuchumaa. Akapitisha kiganja juu ya mkeka wa tatu, ukingoni, akakirudisha.

“Mikeka hii naijua.”

“Mama, ni mipya kabisa,” Raphaël aliruka. “Tangu izaliwe haijakaliwa hata na inzi.”

“Papa, funga mudomo. Miye nilienda kwa kilio cha mama Atumani. Ni hii nilikalia, mchana na usiku, sikujua ni yangu. Gusa hapa: fundo ya nailoni. Ilinichoma paja mpaka nikageukia upande mwingine. Nikuonyeshe na paja?”

Wanawake wakacheka, lakini kile kicheko cha watu wanaosogea karibu wasikie vizuri. Raphaël akatazama miguu yake.

“Ni kweli,” alisema Régina.

Mama Soraya akamgeukia.

“Ni kweli, mama. Ilitoka kwa kilio. Miye nilikuwa kwa materinite, lakini ilitoka mu nyumba yangu, na ni miye niliileta hapa nikinyamaza. Tumeiosha mara mbili. Kama unauliza kama nilijua, nilijua.”

“Na unaleta kwa mutoto wangu!” Mama Soraya alisimama. “Kwa Soraya! Ukitaka alie mbele ya mume wake, ungesema tu, ningemupiga miye mwenyewe hapa nyumbani, bila kulipa! Wamama, mumesikia? Mutu unamupa komande, unamuheshimu, unamuambia bei bila kushindana sana…”

“Mulishindana siku mbili,” alinong’ona Raphaël.

“…na anakuletea kilio kwa kitenge!”

Macho yote yakamgeukia Shangazi Mwavita, kwa sababu katika arusi upande wa mume ndio wenye neno. Shangazi alirudisha pembe ya mkeka chini kwa heshima, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

“Kazi ni nzuri,” alisema. “Sikatai. Lakini kwetu Nyangwe, chochote kilichokaa kilio hakiingii arusi. Hapana kuuliza sabuni, hapana kuuliza ubani. Chochote.”

“Na kwetu pia, Shangazi! Kwetu pia ni vile vile!”

Régina akaanza kukunja mkeka wa kwanza. Hapo Mama Soraya akafanya hesabu ya haraka ambayo wafanyabiashara huifanya hata wakiwa wamekasirika. Arusi ilikuwa kesho. Mikeka mingine haikuwepo. Ilikuwepo ya tausi, na Shangazi Mwavita alikuwa ameshaona ya ukindu. Akamshika Régina kiwiko, akamvuta mpaka kwenye ukuta wa jiko, moshi ukiwafunika, akashusha sauti.

“Sikia, dada yangu. Najua mutoto wako iko nalala kule chini. Miye pia ni mama. Acha mikeka hapa. Shangazi nitamutuliza miye, nitafukiza ubani, nitatafuta maneno. Nitakupa nusu.”

Nusu. Régina aliusikia moshi ukimwingia machoni, akaacha umwingie. Alifikiri habari ya Nathanaël na kalamu yake. Alifikiri habari ya mashuka, na ndoo, na mshono uliokuwa bado unatoa maji. Nusu ingetosha kununua chakula cha kumpelekea mtu aliyefungwa, isingetosha kumtoa. Na bado mdomo wake ulikuwa karibu kusema merci, kwa sababu mtu aliyezoea kuomba hujikuta anashukuru kabla hajatazama mkononi.

Hakusema merci. Alisema, kwa sauti ya kawaida, ile inayofika mpaka kwenye vitunguu: “Mama Soraya, kwa bei yote mikeka iko na kilio. Kwa nusu bei kilio kinatoka kwenda wapi?”

Visu vilisimama juu ya vitunguu. Shangazi Mwavita akageuza kichwa polepole sana kuelekea jikoni. “Nusu ya nini?” aliuliza.

Mama Soraya akatoka kwenye moshi, uso umewaka. Aliona wanawake wanavyomtazama, akaona vilemba vikiinamiana, na aibu ikamfanya apaze sauti zaidi ya alivyokusudia.

“Nilikuwa namuhurumia! Mumeona mwanamuke huyu? Unamunyooshea mukono, anakuuma kidole! Anakuja kwangu kwa uongo, halafu anataka kunifundisha desturi mu uwanja wangu! Kunja mikeka yako, mama. Kunja yote, mubebeshe bwana yako, mutoke kwa mulango muliingilia. Shangazi amesema, na miye nasema nyuma yake, na kila mutu hapa ni shahidi: chochote kilichokaa kilio hakiingii arusi!”

Régina hakupaza sauti. Alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka wa tatu, akiukunja kutoka pembeni, taratibu, kama anavyokunja kila siku.

“Vizuri, Mama Soraya,” alisema. “Mikeka itabaki inje. Na weye kesho ubaki inje nayo, maana kilio mulikaa pamoja.”